Ndoto za Ajabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzikumbuka na Kuzisimulia

Ukurasa huu ni wa wale wanaoamka na ndoto imejaa kichwani na hawajui waifanyeje. Msimamo wetu tunautaja mapema ili asiyeupenda asipoteze muda: ndoto ishike kwanza, isimulie baadaye, na tafsiri iwe ya mwisho, tena ikibidi. Watu wengi huanzia mwisho.

Mbona ndoto inapotea kabla sijafika hata msalani?

Kwa sababu ubongo uliolala hauko katika hali ya kutunza kumbukumbu. Ndoto ndefu, zenye watu na vituko, huja zaidi katika ule usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope huku mwili wote umelegea. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio waliouelezea mwaka 1953, na mmoja wa watu wa kwanza kubandikwa nyaya usoni alikuwa mtoto wa Aserinsky mwenyewe. Katika usingizi huo noradrenalini, kemikali inayosaidia jambo likae kichwani, hushuka kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Japani na Marekani walionyesha pia kwamba panya wana seli za ubongo zinazofanya kazi wakati huohuo na kuwafanya wasahau. Zilipozimwa, panya walikumbuka vizuri zaidi. Panya si binadamu, lakini inaelekea kusahau ndoto ni kazi ya ubongo wenyewe, wala si uzembe wako.

Adui wa pili ni asubuhi yenyewe. Ndoto uliyoamka nayo bado haijakita popote. Ukisoma ujumbe mmoja tu wa kundi la familia, nani kachanga na nani hajachanga, imekwenda.

Mimi siotagi kabisa. Nina kasoro?

Huna. Unaota, ila hukumbuki. Mwaka 1957 William Dement na Kleitman waliwaamsha watu katikati ya usingizi wa macho kucheza, na karibu mara nane katika kila kumi aliyeamshwa alikuwa na ndoto ya kusimulia. Huko Lyon, Ufaransa, Perrine Ruby na wenzake waliwalinganisha wanaokumbuka ndoto karibu kila siku na wale wanaokumbuka kwa nadra. Waligundua kwamba wa kwanza hukaa macho usiku muda mrefu zaidi, kama nusu saa kwa jumla, wenzao kama robo saa. Inaelekea siri yao ni kuzinduka zaidi. Kwa hiyo mwenye usingizi wa pono asione wivu. Analala vizuri, na gharama yake ni hiyo.

Nianzie wapi nikitaka kuzikumbuka?

Anza usiku, kabla ya kufumba macho. Jiambie kwamba utaamka na ndoto. Linaonekana jambo la kitoto, lakini nia ya namna hiyo husaidia, na karibu kila anayefundisha kukumbuka ndoto huanza nayo. Weka daftari na kalamu mahali mkono unapofika bila kuwasha taa.

Asubuhi, fanya jambo moja tu: usijisogeze. Baki ulivyolala, upande uleule, macho yamefumbwa. Ukigeuka tu, nusu imeondoka. Tafuta kipande chochote kilichobaki, hata kama ni rangi ya shati au ile hali ya kuchelewa, kisha rudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa wapi? Na kabla ya hapo? Ndoto hukumbukwa kwa kurudi kinyumenyume, kwa sababu mwisho wake ndio ulio karibu nawe. Ukishapata vipande vitatu vinne, sasa shika kalamu.

Muda wa kuamka nao una uzito. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kadiri usiku unavyosonga ndivyo sehemu ya macho kucheza inavyorefuka: mara ya kwanza dakika chache tu, kuelekea alfajiri inaweza kufika nusu saa au zaidi. Ndiyo maana ndoto nono ni za saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, na anayekatisha usingizi wake saa tisa ili awahi gari la kwanza anapoteza zile bora. Anayeamka kula daku kisha akarudi kulala hupata bahati isiyo ya kawaida, maana usingizi wake umekatwa mahali pazuri.

Kengele ya simu inayolia kama king'ora ni mbaya. Si kwa kelele tu: kuizima kunakulazimisha unyanyuke, ushike simu, uone skrini. Kama huna budi kuamshwa, mwombe mtu akuite kwa sauti ya chini. Siku ya mapumziko usitege chochote.

Niandike, nijirekodi sauti, au nichore?

Chochote kisichokufanya utazame skrini yenye taarifa nyingine. Kujirekodi kuna haraka, ila nusu ya utakachosikia baadaye ni pumzi na neno "yaani". Wengine huchora ramani: nyumba ilikuwa hapa, bahari hapa, marehemu bibi alikaa pale. Kwa ndoto za mahali, mchoro unashinda maneno.

Niandike nini hasa?

Andika mabaki, usiandike hadithi. Huu ni mfano wa kumbukumbu ya kitandani kama inavyotakiwa kuwa:

*Daladala ya Mbagala. Maji hadi magotini, abiria hawajali. Konda ni mwalimu wa Hesabu wa darasa la sita. Nauli inalipwa kwa vipande vya mkate. Sina mkate. Aibu kali. Harufu ya dizeli.*

Na hivi ndivyo ndoto hiyohiyo inavyosimuliwa saa nne asubuhi kazini bila kuandikwa: "Niliota niko kwenye daladala, mvua imenyesha mafuriko, konda ananidai nauli na mimi sina hela." Tazama kilichotokea. Mvua haikuwepo, imeingizwa ili kueleza maji. Mkate umegeuka hela kwa sababu nauli hulipwa kwa hela. Mwalimu katoweka, na aibu pia. Akili iliyo macho haivumilii mambo yasiyo na mpango, basi hukarabati, na inachokarabati ni kile hasa kilichoifanya ndoto iwe ya ajabu.

Kwa hiyo andika visivyoeleweka kwanza: mkate, mwalimu, utulivu wa abiria. Vinavyoeleweka vitabaki vyenyewe. Andika ulivyojisikia. Andika pia maneno yaliyosemwa, kama yapo, herufi kwa herufi, hata yakiwa upuuzi mtupu. Maneno ndiyo hufa mapema kuliko picha.

Na andika yasomeke. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa Graz, Austria, alizinduka usiku mmoja wa majira ya Pasaka, mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa ameota jaribio la kuonyesha jinsi mishipa ya fahamu inavyopeleka amri kwenye moyo. Akachorachora kwenye kikaratasi, akalala. Kulipokucha hakuweza kusoma hata neno moja la mwandiko wake, na siku nzima hakukumbuka ni jambo gani. Usiku uliofuata, saa tisa, wazo likarudi. Safari hii hakuandika. Alikwenda moja kwa moja maabara, akatumia mioyo miwili ya vyura, na kabla hakujapambazuka alikuwa amethibitisha kwamba ujumbe huo hupita kwa kemikali. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Wengi wetu haturudiwi na ndoto usiku wa pili.

Ndoto zangu zimekuwa kali ghafla, kama sinema. Kuna nini?

Kagua kwanza unachokunywa na unachomeza. Wanaotumia ARV wanalijua hili kuliko mtu yeyote: efavirenzi, iliyomezwa usiku na mamilioni ya watu Afrika Mashariki kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake kuanzia mwaka 2019 hivi, ilikuwa na sifa ya kuleta ndoto zenye rangi kali na matukio ya kushangaza. Dolutegraviri nayo humsumbua baadhi ya watu usingizini, na ndiyo maana wengine hushauriwa kuimeza asubuhi. Meflokwini, dawa ya kujikinga na malaria ambayo wageni wengi walikuja nayo, huleta ndoto mbaya na kwa baadhi ya watu matatizo mazito ya akili. Plasta za nikotini za kuacha sigara, baadhi ya dawa za presha kama propranololi, na dawa za sonona pia zimo. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto, mwambie anayekuandikia.

Pombe ina mchezo wake. Mwanzo wa usiku huubana usingizi wa ndoto, kisha ikiisha mwilini usingizi huo hurudi kwa fujo. Ndoto za mlevi ni za alfajiri. Homa nayo hutosha peke yake; aliyeugua malaria utotoni anazikumbuka zile kuta zinazokaribia na kurudi nyuma. Na mimba, hasa miezi ya mwisho: mama anaamka mara kwa mara usiku, kwa hiyo anakamata nyingi.

Niliamka, naona chumba, lakini siwezi kujisogeza na kuna kitu kimenikalia kifuani. Hiyo ni ndoto?

Hilo ni jinamizi, na ni tukio la mwili linaloeleweka. Unapoota, ubongo hufunga misuli ili usitimize unayoyaona. Mara nyingine unazinduka kabla kufuli halijafunguliwa: macho yanaona dari, mwili haujibu, na ndoto bado inamimina vitu vyake chumbani. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache. Huja zaidi kwa anayelala chali, aliyekosa usingizi, au anayebadilishiwa zamu kazini kila wiki. Ukipatwa, usipambane na mwili mzima. Jaribu kuchezesha kidole kimoja au ulimi, vuta pumzi taratibu.

Kwa nini kila mahali watu humwona mtu, na si kabati? Hofu huwa imeshawaka kabla ya sura, na akili hutafuta wa kumbebesha. Sura yenyewe hutoka mtaani kwako. Pemba mwaka 1995, kisha Unguja, aliyewakalia watu vifuani alikuwa jini aitwaye Popobawa, na familia nzima zilitoka kulala nje, zimezunguka moto. Baadhi ya waliochunguza mkasa ule wanaona hali hii ya kuganda usingizini ndiyo iliyokuwa kiini cha sehemu ya simulizi zile, ingawa siasa za mwaka ule wa uchaguzi hazikuwa mbali. Kinachonivutia mimi ni sharti lililoenda na kisa: aliyepatwa aseme hadharani, la sivyo atarudiwa. Ukiwa na sharti kama hilo, usiku mmoja wa mtu mmoja hugeuka habari ya kisiwa.

Nimsimulie nani?

Hapa wazee walitangulia kufikiri. Katika Surat Yusuf, Nabii Yakub anamkataza mwanawe asiwasimulie nduguze ndoto ya nyota kumi na moja, jua na mwezi. Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu anawasimulia, na tunajua alikoishia: shimoni, kisha Misri. Mafundisho ya Mtume ni ya vitendo kabisa: ndoto njema mwambie unayempenda, mbaya usimwambie mtu, jikinge kwa Mungu, tema kidogo kushotoni mara tatu na ugeuke ulale upande mwingine. Ndiyo maana Mswahili aliyelelewa vizuri, akisikia "jana usiku nimeota...", hutanguliza "kheri inshallah" kabla hajajua ni nini. Ni ulinzi kwa msimuliaji.

Usimulizi wa ndoto una faida yake, tena ya pamoja. David Samson na wenzake walikusanya ndoto za Wahadza wa Ziwa Eyasi na za Wabayaka wa misitu ya Kongo, wakazilinganisha na za watu wa nchi tajiri. Matokeo yakatoka mwaka 2023. Ndoto za Wahadza na Wabayaka zilikuwa na hatari kweli, ila mara nyingi hatari hiyo ilitatuliwa na wenzao: mtu katumbukia kisimani, rafiki anamtoa. Hawa ni watu ambao kulala kwenyewe ni kwa pamoja; katika utafiti mwingine Tanzania, uliochapishwa 2017, watu wazima 33 wa Kihadza walifuatiliwa kwa siku kama 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa mpigo ulikuwa dakika 18 tu kwa jumla. Karibu daima kulikuwa na aliye macho.

Upande wa pili wa shilingi ni Berlin. Tangu 1933 mwandishi wa habari Charlotte Beradt alikusanya kwa siri ndoto za watu chini ya utawala wa Hitler, akiziandika kwa mafumbo. Hitler mwenyewe alimwita "Mjomba Hans". Daktari mmoja aliota amejinyoosha nyumbani jioni na kuta zikatoweka, zake na za majirani, kwa amri ya serikali. Beradt alikimbia 1939, akazitoa kwa kitabu mwaka 1966. Ndoto za watu wale zilikuwa ushahidi, na kumsimulia asiyefaa kungeweza kumponza mtu.

Kwa maisha ya kawaida: mwambie mtu mmoja anayesikiliza, asiye na haraka ya kukueleza maana yake. Usipeleke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Utajibiwa na shangazi watatu na mchungaji.

Nitaisimuliaje bila kumchosha mtu?

Tumia wakati uliopo: "niko kwenye daladala, maji yananifika magotini." Anzia penye kituko, achana na utangulizi wa ulilala saa ngapi. Dakika mbili zinatosha. Palipo na pengo, sema "hapa panakatika", usizibe kwa kubuni. Na maliza inapomalizika. Ndoto nyingi hazina mwisho, na msikilizaji ataelewa.

Msikilizaji naye ana kazi. Swali la kwanza liwe "ulijisikiaje?", si "unajua maana yake?"

Meno kung'oka ni msiba, harusi ni kilio, kukimbizwa na ng'ombe ni wachawi. Kweli?

Meno kung'oka, kukimbizwa, kuanguka, kuwa uchi mbele za watu, mtihani usioujua: hizi huotwa na watu duniani kote, wenye misiba na wasio nayo. Ukiota meno usiku wa leo na jamaa akafariki mwezi ujao, utaikumbuka. Ukiota na asife mtu, utasahau kama uliota. Hapo ndipo imani hupata nguvu.

Kuna moja ya kwetu inayonikera: kwamba kuota umerudi shule ya msingi na sare umevaa ni ishara ya kurudishwa nyuma kimaisha, na inahitaji maombi ya kukombolewa, pengine na sadaka. Watu wazima wenye vyeo huota mtihani hadi uzeeni kwa sababu shule ndiko walikojifunza hofu ya kupimwa mbele ya wengine. Kama unakabiliwa na usaili wa kazi wiki hii, huna haja ya kumtafuta mchawi.

Vile vitabu vya tafsiri vyenye jina la Ibn Sirin, mwanazuoni wa Basra aliyefariki mwaka 729, viliandikwa na wengine muda mrefu baada yake. Hata ukivifungua, utakuta alama moja ina maana tofauti kwa mfanyabiashara, kwa mjane na kwa msafiri. Waandishi wake walijua kwamba ndoto haisomwi bila kumjua mwotaji. Anayekutafsiria kwa simu bila kukuuliza unafanya kazi gani hajafika hata hapo.

Ndoto moja ya kutisha inajirudia. Naiondoaje?

Mchana, ukiwa macho na umetulia, iandike upya ukibadilisha unachotaka: mlango unafunguka, jitu linageuka kuku, dada yako anatokea. Kisha ipitie akilini hiyo mpya dakika chache kila siku. Utafiti wa Barry Krakow na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2001 kwa wanawake waliowahi kubakwa, ulionyesha kwamba njia hii hupunguza ndoto mbaya, na madaktari wanaitumia hadi leo. Kama ndoto inarudia jambo lililokutokea kweli, usifanye peke yako, tafuta mshauri.

Mwanangu wa miaka mitatu anasimulia ndoto ndefu yenye simba na ndege. Anatunga?

Sehemu kubwa, ndiyo. David Foulkes aliwaamsha watoto maabarani kwa miaka kadhaa, na walio chini ya miaka mitano mara nyingi hawakuwa na la kusema, au walikuwa na picha moja isiyosogea. Lakini mwache atunge. Anajifunza kusimulia.

Inawezekana kujua kwamba naota nikiwa bado ndani?

Inawezekana. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, Alan Worsley akiwa usingizini alichezesha macho kushoto na kulia kama alivyokubaliana na mtafiti Keith Hearne, na mashine ikanasa. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilitangaza kwamba zimewauliza waotaji hesabu, nane kutoa sita, na baadhi wakajibu mbili kwa macho bila kuamka. Ukitaka kujaribu, zoea kujiuliza mchana kama unaota na kusoma maandishi mara mbili. Ndotoni maandishi hubadilika.

Lini ndoto ni jambo la hospitali?

Mtu, hasa mwanamume aliyevuka miaka 50, akianza kupiga ngumi, kurusha mateke au kuruka kitandani akitimiza anachoota, aende akaonwe. Lile kufuli la misuli linalegea, na kwa wengi hali hiyo hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa. Mke ndiye huwa shahidi, kwa hiyo waende pamoja. Wakati wanasubiri, ondoeni kioo na meza yenye kona kando ya kitanda.

Nimemwota mtu ninayemfahamu, na si ndoto nzuri. Nimwambie?

Hapana. Ukimwambia jirani kwamba umemwona ndani ya sanda, hatalala, na akipata ajali ndogo ya bodaboda mwezi ujao wewe ndiye utakayetazamwa. Kama umemhofia, mpigie umsalimie, umuulize hali na watoto. Kama ni ndoto ya kuchekesha, kwamba mlikuwa mnauza vitumbua Muscat na hamjui Kiarabu, mpelekee leo.